Kazi ya Kununa

Candida aliajiriwa kununa. Msicheke. Mjini hapa kuna watu wameajiriwa kulinda mageti ambayo hayana anayetaka kuyaingia, na mshahara wao unatoka kila mwezi. Candida yeye alipewa koti jeupe, kiti nyuma ya meza ndefu, na agizo moja tu, kwamba asitabasamu.

Maabara yenyewe ilikuwa juu kabisa ya jengo moja linalotazama viwanja vya Mnazi Mmoja. Humo Daktari Pantaleo alikuwa anapima jinsi mwili wa binadamu unavyopokea msongo. Mtu anaingia akiwa ametulia, anapimwa mapigo ya moyo na presha, anatafuna kipande cha pamba mpaka kilowe mate, kisha anapelekwa chumba cha pili. Huko anawakuta watu wawili wamekaa kama mahakimu wenye njaa. Anaambiwa ajieleze, nao wanamtazama bila neno. Akishajieleza anapewa hesabu ya kutoa kwa kichwa, na kila akikosea anarudishwa mwanzo. Baada ya hapo anapimwa tena, anatafuna pamba nyingine, na mate ya kabla yanalinganishwa na mate ya baada. Mwisho Daktari anakaa naye na kumweleza kwamba lile lilikuwa zoezi na hakuna aliyefeli, anapewa soda na sahani ya wali, anakwenda zake akicheka.

"Bila sura zenu kazi haipo," Daktari alimwambia Candida siku ya kwanza. "Ukimchekea tu, moyo wake unatulia, na mimi nabaki napima hewa."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Candida alikulia katika duka la vyombo la wazazi wake, Kariakoo, akikalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya masufuria na chupa za chai, na mama yake alimfundisha "karibu dada, karibu kaka" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sura yake ilijifungua yenyewe akiona mtu. Wiki ya kwanza tu, mzee mmoja alipokwama kwenye hesabu, Candida alimwambia, "Pole baba." Siku nyingine aliingia mama wa makamo, na "shikamoo" ikamtoka mdomoni kabla hajaiona ikipita. Daktari Pantaleo alimwita pembeni, akamwambia kwa upole unaotisha kwamba akirudia tena wataachana kwa amani. Binti alikuwa amezunguka na vyeti vyake tangu amalize chuo, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyomwita kwa jina lake. Kwa hiyo aliamua kujifunza kununa kwa bidii, na akaanzia nyumbani.

"Baba, sema chochote," alisema mezani, kwenye nyumba yao ya kupanga ghorofani Mchafukoge. "Mimi nitakutazama tu."

Mzee Anselmi akaweka kijiko chini. "Niseme nini?"

Kimya.

"Candida, nakuuliza, niseme nini?"

Kimya. Binti alikuwa amemkazia macho baba yake kama askari aliyeshika leseni bandia.

"Mama Candida! Njoo umwone mwanao, ana nini?"

"Yuko kazini," Evarista alijibu kutoka jikoni.

"Mshahara anachukua kwao, halafu sura ananiletea mimi?"

Candida akaangua kicheko, wali ukampalia, zoezi likafa. Kesho yake alijaribu dukani. Mteja mmoja aliuliza bei ya hotipoti, akamwangalia usoni, akasema, "Basi dada, yaishe, sikujua ni kosa," akavuka barabara kwenda duka la pili. Evarista alimtoa mwanawe dukani kwa ufagio. "Nenda ukanunie hukohuko wanakokulipa! Hapa tunauza vyombo, hatuuzi misiba."

*

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na jambo kubwa kuliko kazi ya Candida. Jumamosi ndugu wa Elibariki walikuwa wanakuja kuleta posa.

Elibariki mwenyewe hakuwa na tatizo. Alikuwa fundi wa majokofu, mpole, anayesalimia hata watu waliomkosea. Tatizo lilikuwa ndugu zake. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake Euphrasia, mfanyabiashara wa vitunguu wa jumla hapohapo Kariakoo, mwanamke ambaye lori zima likishusha, linashusha kwake. Wazee wa ukoo wao wa Rombo walikuwa wamekubaliana kwamba safari hii wasitafute mwanamume wa kusema, na kwamba aliyemlea kijana ndiye atakayemsemea. Ilikuwa heshima ambayo wanawake wengi wa ukoo ule hawakuwahi kuipata.

Kwa Mzee Anselmi na mkewe, habari kwamba anakuja mwanamke mwenye stoo yake ziliwanyima usingizi. Evarista alifua mapazia yaliyokuwa safi. Aliazima vitambaa vya makochi kwa jirani yake Zena, pamoja na vikombe vya maua; ukimuuliza, alivyonavyo dukani ni vingi ila si vizuri vile.

"Watu wenye maghala hao," alimwambia mumewe. "Wakikaa hapa wataona kochi lako limebonyea katikati."

"Limebonyea kwa sababu ninalikalia. Kochi la kukaliwa litafanyaje?"

"Jumamosi kaa pembeni."

Candida hakuwahi kuonana na shangazi huyo. Elibariki alitaka mambo yaende kwa taratibu, kwamba mchumba aonekane siku ya posa, wala si kabla. Candida alikuwa amemwona kwenye simu tu, pichani, amesimama mbele ya magunia, kilemba cha kijani, mkono kiunoni.

*

Jumatano, baada ya chai ya saa nne, mlango wa chumba cha pili ulifunguliwa na kilemba cha kijani kikaingia.

Candida alimtambua palepale. Taratibu zilikuwa wazi: mjumbe wa jopo akimfahamu anayepimwa, anainua mkono, anatoka, anaingia mwingine. Lakini yeye tayari alikuwa na makosa mawili, na kichwani mwake kuinua mkono kulionekana kama kosa la tatu. Akajiambia kwamba picha ya kwenye simu si kufahamiana. Huo ulikuwa uongo, na aliujua ni uongo wakati akijiambia.

"Hamjambo wanangu?" alisema Mama Euphrasia, akitabasamu.

Hakujibiwa. Alisubiri kidogo, akidhani hawakusikia.

"Nasema hamjambo?"

Salma, mjumbe mwenzake Candida, aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo na uso wake usingeweza kusomwa hata na mama yake mzazi, alisema, "Una nafasi ya kutueleza kwa nini wewe ni mtu anayefaa kuwasemea wenzako. Anza."

Tabasamu la yule mama lilipungua, halikuisha. Alianza vizuri. Alisema jina lake, biashara yake, jinsi alivyoanza kwa kuuza mafungu chini, akapata kibanda, akapata stoo. Alisema makuli wa sokoni humwita wanapogombana. Alitua mara kwa mara akiwatazama, akingoja mmoja aitikie "enhe," kama watu wanavyoitikiana popote wanapozungumza. Hapakuwa na aliyeitikia. Sentensi zikaanza kuwa fupi. Zikaisha.

"Bado una muda," alisema Salma. "Endelea."

"Nimemaliza, binti."

"Endelea."

Mama Euphrasia akaangalia mikono yake. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka puani, na feni ilikuwa inazunguka.

"Basi niseme kweli," alisema, kwa sauti ya chini. "Nilivyosikia mnapima presha nikasema niende, maana wiki hii silali. Jumamosi nakwenda kumposea mwanangu. Mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe. Wazee wamenipa nisimame niseme. Mimi shule sikumaliza. Nikiwa na vitunguu vyangu naongea mchana kutwa, ila nikisimamishwa mbele ya watu wenye elimu zao, maneno yananikimbia. Na huyo binti amesoma mpaka chuo kikuu. Ndugu zake wataniangalia hivihivi mnavyoniangalia. Watasema mwanamke wa vitunguu ndiye amekuja kuomba mtoto wa watu?"

Chini ya meza Candida alikuwa ameukamata mkono mmoja kwa mwingine mpaka vidole vikafa ganzi. Alitaka kusimama, azunguke meza, amshike yule mama mabega. Neno "pole" lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, zima, tayari. Akalimeza. Uso wake haukutikisika, na hilo alilifanya vizuri kuliko siku zote.

Zamu ya hesabu ilikuwa yake.

"Elfu moja ishirini na mbili," alisema. "Toa kumi na tatu. Endelea kutoa kumi na tatu kwenye kila jibu."

"Elfu moja na tisa," alisema Mama Euphrasia. "Mia tisa tisini na sita. Mia tisa themanini na... na nne."

"Si sahihi. Rudi mwanzo."

Akarudi. Akakosea mapema zaidi. Dukani kwake kulikuwa na kikokotoo, na mteja wa kutaniana naye, na kelele zinazomfanya mtu awe mtu. Humu kulikuwa na feni na nyuso mbili.

"Si sahihi. Rudi mwanzo."

Mpaka kengele ya kumaliza inalia, macho ya yule mama yalikuwa yamejaa machozi na sauti yake imekuwa ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alitafuna pamba yake ya pili kimya. Alipaswa kukaa, apumzike, Daktari aje amweleze. Lakini simu yake ililia: lori la vitunguu kutoka Mang'ola limefika na dereva anafoka. Akachukua mkoba wake.

"Mama, subiri kidogo, Daktari anakuja kukueleza," alisema nesi wa mapokezi.

"Mate nimeshawapa. Mnataka na nini tena?" Akateremka ngazi.

Daktari Pantaleo alikuja chumba cha pili akisugua viganja kwa furaha. "Candida, leo umefuzu! Umeona mapigo yale? Hiyo ndiyo kazi."

Candida alimshukuru, akaenda chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

*

Elibariki alipiga simu jioni, watu wa nyumbani wakiwa wamekaa sebuleni wakichambua mchele wa Jumamosi.

"Shangazi amegoma," alisema.

"Amegoma nini?"

"Kusema. Anasema hasimami tena. Kuna sehemu ameenda leo kupimwa presha, wakamweka mbele ya mabinti wawili wakamuuliza maswali, maneno yakamwishia. Anasema kama mbele ya watoto ameumbuka, mbele ya baba yako itakuwaje? Anataka tumsubiri baba mdogo Polycarp."

"Polycarp yuko wapi?"

"Yuko Rombo. Anasema yeye kuja huku mpaka Desemba, akimaliza kuvuna kahawa." Alivuta pumzi. "Candida, nimembembeleza mpaka nimechoka. Sijawahi kumwona hivi. Mwanamke anayegombana na madereva wa malori, leo kajifungia chumbani."

Candida alikuwa ameweka sahihi kwamba yanayotokea maabara hayasimuliwi nje, wala waliopimwa hawatajwi. Na hata kama asingeweka, angeanzaje? Angemwambia nini mchumba wake, aliyejua tu kwamba anafanya kazi maabara, kwamba mmoja wa wale mabinti wawili ni yeye?

Evarista alikuwa amesikia nusu, na nusu nyingine akaimalizia mwenyewe. "Wameahirisha?"

"Bado haijulikani, mama."

"Wameahirisha. Walipita dukani wakatuchungulia." Akausukuma ungo pembeni. "Nilijua. Watu wenye maghala waoe kwenye duka la sufuria? Na mimi nimeshawaambia watu wote! Baba yako mkubwa Tarsis yuko kwenye basi sasa hivi, ameshafika Segera. Zena nitamrudishia vitambaa vyake nimwambie nini, kwamba makochi yamepona?"

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi, basi? Sema wewe unayejua."

Candida akainama juu ya mchele. Mzee Anselmi alinyanyuka, akaenda kusimama dirishani akitazama chini barabarani, na mabega yake yalionekana madogo. Candida hakuwahi kumwona baba yake anaaibika ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ilimuuma kuliko kile kilio cha chooni.

*

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Daktari Pantaleo kabla hajafungua kompyuta. Alisema yote bila kituo, kwamba yule mama wa jana ni shangazi wa mchumba wake, kwamba alimtambua alipoingia, kwamba alikaa kimya.

"Ulimtambua, ukakaa?"

"Nilikaa, Daktari."

"Basi kipimo chake nakifuta. Kile nilichokusifia." Alivua miwani akaiweka mezani. Hakupaza sauti. "Vua koti. Huwezi kuingia jopo tena."

Candida akavua, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Hakuondoka.

"Kuna kingine?"

"Hajaelezwa. Aliondoka anaamini ameshindwa kweli. Sasa hivi anaogopa kusimama mbele ya watu."

Daktari akarudisha miwani machoni. Hilo lilimgusa, maana alikuwa mtu mwema aliyependa sana grafu. "Tumempigia tangu jana, hapokei. Huo ni wajibu wangu, si wako. Nitamtuma Salma."

"Nitume mimi."

"Wewe ndiye uliyemnunia."

"Ndiyo maana, Daktari."

Daktari akamwandikia namba yake ya simu kwenye kikaratasi. "Mweleze kila kitu. Mwambie anipigie, nitamwomba radhi mwenyewe. Habari za kazi tutaongea Jumatatu."

*

Stoo ya Mama Euphrasia ilinukia vitunguu kuanzia kona ya mtaa. Makuli walikuwa wanapanga magunia, maganda mekundu yakipeperuka kila mahali, na mwenye mali alikuwa amekaa ndani kwenye kigoda, hasemi na mtu. Makuli walikuwa wananong'ona. Hawakuzoea kufanya kazi bila kugombezwa.

"Shikamoo mama," alisema Candida.

Mama Euphrasia aliinua macho. Ilimchukua muda, maana sura aliyoiona jana ilikuwa haina uhai.

"Wewe," alisema. "Si yule binti wa rudi mwanzo?"

"Ndiye, mama."

"Umefuata nini? Nimesahau kitu?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

Candida alieleza akiwa amesimama, na makuli wakapunguza mwendo ili wasikie. Alisema kwamba ile ilikuwa kazi, kwamba kununa kwenyewe ndiyo kipimo, kwamba hakuna aliyekuwa anapima akili wala maneno. Alisema wameingia mle wahasibu wakakosea kutoa, ameingia mwalimu wa chuo akasahau jina lake. Mwili wowote unaonyimwa hata kuitikiwa salamu unatetemeka. Wanachotafuta ni huo mtetemo, basi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaigiza?"

"Ndiyo, mama."

"Na mate?"

"Yanaonyesha mtu ameshtuka kiasi gani."

"Yesu na Maria! Kwetu mate ya mzee anatemewa mtoto kumbariki, nyie mnayatia kwenye chupa?" Alitikisa kichwa. Hasira ilikuwa inapanda, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kinachopumua. "Jana sikula, binti. Nilirudi hapa nikajiona bure kabisa. Mtu mzima mimi."

"Najua, mama. Nisamehe." Candida akapiga magoti juu ya maganda. "Na kuna lingine. Mimi ndiye Candida."

Kuli mmoja akadondosha gunia.

Mama Euphrasia alimtazama kuanzia kichwani mpaka magotini. "Candida wa Elibariki?"

"Ndiye."

"Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa. Hajui lolote."

"Kwa hiyo ulikaa pale, ukasikia yote niliyosema juu ya kwenu."

"Niliyasikia. Nilitakiwa kutoka, nikaogopa kupoteza kazi, nikabaki. Na kwetu, mama..." Akasita, halafu akaona hakuna cha kuficha tena. "Kwetu mama yangu ameazima vitambaa vya makochi kwa jirani. Anaogopa mtaona kochi limebonyea. Tangu jana analia, anasema mmetudharau kwa sababu duka letu dogo."

"Nani? Mimi niwadharau?"

"Anasema watu wenye maghala."

Mama Euphrasia alizungusha macho kwenye lile ghala lake, kwenye kuta zenye ukungu, kwenye panya aliyekuwa anavuka bila haraka. Kikaanza kicheko tumboni, kikapanda, kikamtingisha mpaka kilemba kikalegea. Makuli nao wakacheka bila kujua vizuri wanacheka nini, kwa raha tu ya kumsikia tena.

Alipojifuta macho alikuwa amebadilika. "Simama, utachafuka. Kaa pale juu ya gunia."

Candida akakaa.

"Sasa nuna."

"Mama?"

"Nuna kama jana. Nataka nijaribu hotuba yangu. Nyie!" Aliwageukia makuli. "Njooni na nyie, pangeni mstari, nuneni. Atakayecheka leo hapakii."

Wakakaa mstari juu ya magunia, wanaume wenye vifua kama milango, wamenuna, na katikati yao binti wa chuo kikuu. Mama Euphrasia akasimama, akakohoa, akaanza. Akakwama. Akaanza tena. Alipokwama mara nyingine aliwatukana wote kwa pamoja, akashusha pumzi, akaendelea, na Candida, akiwa amenuna kwa mapenzi yote aliyonayo, alihesabu ile kuwa siku yake nzuri kuliko zote kazini.

*

Jumamosi wageni walifika. Makochi yalivalishwa, Mzee Anselmi alikaa pembeni kama alivyoagizwa, na kaka yake Tarsis, aliyetoka Moshi kwa ajili hiyo, alikaa katikati akiwa amejaa mamlaka. Kazi ya upande wa mwanamke siku kama hiyo ni kuwa mgumu. Baba mkubwa Tarsis aliipenda kazi hiyo. Candida alikuwa chumbani na wanawake, sikio limebandikwa mlangoni.

Mama Euphrasia alisimama. "Wazee wangu," alisema, "tumepita kwenye bustani yenu, tumeona ua..."

Kikafuata kimya. Candida alikijua kimya kile. Kilirefuka. Kochi lilisikika likilia chini ya mtu.

"Tunakusikiliza," alisema baba mkubwa Tarsis, kwa ukavu ambao Daktari Pantaleo angeulipia.

"Wazee, maneno niliyoyapanga yamenikimbia," ilisema sauti ya Mama Euphrasia. Ilikuwa inatetemeka, lakini haikukoma. "Yaende. Nitasema ninayoyajua. Mtoto huyu nililetewa akiwa anatambaa. Nilimweka kwenye boksi la vitunguu nikiuza, analala humo. Sikujua kulea, nilijifunzia kwake. Hajawahi kunitukana, hajawahi kuniibia. Sasa amenitajia binti yenu, na mimi sina ua wala bustani. Nimekuja kuomba."

Kule chumbani Evarista alikuwa ameshika khanga yake mdomoni. Sebuleni, baba mkubwa Tarsis alikohoa, akasema utaratibu ni utaratibu, binti aitwe.

Candida akatoka, akapiga magoti, macho chini.

"Candida," alisema Tarsis, "unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, baba."

"Kijana tunajua. Nauliza huyu mama. Unamfahamu?"

Jibu la taratibu lilikuwa ni hapana. Elibariki alishaanza kutikisa kichwa kumsaidia.

"Namfahamu."

Chumba kikavurugika. "Umemjulia wapi?" Tarsis alisogea mbele. "Posa ndiyo leo! Umeanza kwenda ukweni kabla hujaombwa? Anselmi, mwanao anakwenda kwa watu?"

Candida alifungua mdomo, akaufunga. Kusema ni kumtaja mtu aliyepimwa, na kumtangaza yule mama mbele ya ukoo mzima kwamba aliwahi kushindwa mbele ya mabinti wawili. Alinyamaza, uso ukimwaka kwa aibu, na aliamua kwamba atanyamaza hata ikimgharimu.

"Mwacheni," alisema Mama Euphrasia. Alikuwa bado amesimama. "Alinikosea. Kosa lenyewe ni letu wawili, halina haja ya kufika hapa. Angeweza kujificha, nisingejua mpaka leo. Alikuja mwenyewe mchana kweupe, akapiga magoti kwenye uchafu wangu mbele ya makuli, akaniambia ni yeye. Wazee, nilipotoka nyumbani nilikuwa nakuja kumwombea Elibariki mke." Sauti ikamkatika, akaikamata. "Hilo la mke ataliomba mwenyewe. Mimi naomba huyu awe mwanangu."

Baba mkubwa Tarsis alikuwa na jibu lake, alilitunga njiani tangu Moshi, refu, lenye masharti, la kuwarudisha wageni waje tena mwezi ujao. Alijiweka sawa ili alitoe.

"Mchukue, mama," alisema Mzee Anselmi kutoka pembeni.

"Anselmi!"

"Nimesema amchukue."

"Hata mahari hatujataja! Posa haijibiwi siku ya kwanza, unatuaibisha!"

"Nitaaibika mimi," alisema Mzee Anselmi, na alikuwa analia waziwazi. "Mtoto wangu amepata mama wa pili, wewe unataka niseme arudi mwezi ujao?"

Evarista hakungoja kuitwa. Alitoka chumbani akipiga vigelegele, akampita mumewe, akampita shemeji yake aliyebaki mdomo wazi, akaenda moja kwa moja kumkumbatia mwanamke wa vitunguu, na wote wawili wakaanguka juu ya kochi, kwenye lile bonde la katikati, wakashindwa kunyanyuka kwa kucheka.